Homa ya mtoto mwenye saratani: dawa ya saa ya kwanza na chupa ya damu tunayoipuuza

Mtoto aliyepewa tibakemikali wiki moja na nusu iliyopita akipanda joto, hofu kubwa ni kwamba bakteria wameingia kwenye damu yake katika siku ambazo hana chembe za kuwameza. Mtoto mwingine mwenye homa ileile anaweza kusubiri kliniki ya kesho. Huyu hawezi kusubiri hata foleni ya maabara iishe. Naandika kwa madaktari na wauguzi wa wodi za watoto, kwa wafamasia, na kwa wazazi wanaotaka kuelewa kwa nini siku hiyo watu hukimbizana namna ile. Hoja yangu ni moja. Tunabishana mno kuhusu antibiotiki ipi ni kali zaidi, huku tukiipuuza chupa ndogo ya kuotesha damu, yaani ya kuotesha bakteria waliomo kwenye damu, ambayo ndiyo inayoweza kutuambia kama tulichagua sawa.

Tuanze na neutrofili. Hizi ni chembe nyeupe zinazowahi kufika penye bakteria na kuwameza. Dawa za saratani huua chembe zinazogawanyika haraka, zikiwemo zile za kwenye uboho zinazozaa neutrofili, na kwa dawa nyingi idadi hufika chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dozi. Siku hizohizo utando wa mdomo na wa utumbo nao huwa umelika, ndiyo maana mtoto ana vidonda vya mdomo na anaharisha. Mlango uko wazi na mlinzi hayupo. Bakteria wengi tunaowakuta kwenye damu ya watoto hawa hawakutoka mbali: walikuwa wakiishi tumboni mwao wenyewe.

Mwaka 1966 Gerald Bodey na wenzake nchini Marekani walionyesha, kwa wagonjwa wa lukemia, yaani saratani ya damu, kwamba hatari ya maambukizi hupanda kadiri neutrofili zinavyoshuka na kadiri zinavyokaa chini kwa muda mrefu. Mwaka 1971 Stephen Schimpff na wenzake wakachapisha matokeo ya kuanza karbenisilini na jentamisini mara tu homa inapotokea, bila kungoja majibu ya maabara. Dawa zimebadilika mara nyingi tangu hapo, lakini kanuni ya kutongoja imebaki palepale.

Kikomo tunachotumia ni neutrofili chini ya 500 kwa kila mikrolita moja ya damu, au idadi inayotarajiwa kushuka chini ya hapo ndani ya saa 48. Karatasi ya majibu mara nyingi haiitaji namba hiyo moja kwa moja, kwa hiyo ihesabu mwenyewe: chembe nyeupe zote zidisha kwa asilimia ya neutrofili. Chembe nyeupe 1,200 zenye neutrofili asilimia 15 ni sawa na neutrofili 180. Mtu akiangalia ile 1,200 peke yake anaweza kudhani mtoto ana akiba kidogo. 180 inasema hana. Chembe zikiwa chache hivyo, mgawanyo unaotolewa na mashine hauaminiki sana, basi omba slaidi isomwe kwa macho. Ila usisubiri slaidi hiyo ndipo uanze dawa. Kama mtoto yuko katika siku zake za kushuka na ana homa, mhesabu kuwa hana neutrofili mpaka ithibitike vinginevyo.

Homa kwa maana hii ni joto la 38.3 lililopimwa mara moja, au 38.0 lililodumu saa nzima. Vituo vingine huweka 38.0 kwa vipimo viwili au 38.5 kwa kimoja. Muhimu ni wodi nzima, zamu ya mchana na ya usiku, ifuate namba moja. Pima kwapani au mdomoni. Kamwe usipime kwa njia ya haja kubwa, na usitumie dawa za kuweka huko wala enema, kwa sababu mkwaruzo mdogo tu kwenye utando huo unapitisha bakteria moja kwa moja hadi kwenye damu.

Mambo mawili huficha homa, na yote mawili tunayatoa kwa mikono yetu. Moja ni parasetamoli, ambayo mzazi huitoa nyumbani kwa nia njema kabla hajapima joto. La pili ni prednisoloni au deksamethasoni, dawa za kila siku katika wiki za mwanzo za kutibu lukemia kali ya limfosaiti. Mtoto wa namna hiyo anaweza kuwa na bakteria kwenye damu na joto lake likasoma 36.8. Kinachomtambulisha ni mapigo ya moyo yanayokimbia, mikono na miguu ya baridi, uchovu ambao mama anasema si wa kawaida, au maumivu ya tumbo. Maumivu yakiwa upande wa chini kulia, fikiria kuvimba kwa sekamu, pale unapoanzia utumbo mpana, hata kama hana homa. Neno la mama kwamba mtoto wake leo si yule wa jana ni dalili ya kitabibu na liandikwe kwenye jalada.

Usitafute usaha. Usaha hutengenezwa na neutrofili, na hizo hazipo. Nimonia inaweza kuwepo na picha ya kifua ikatoka safi, mkojo ukawa na bakteria bila chembe za usaha, na mahali kanula ilipoingia pakawa na wekundu kidogo tu. Kagua mdomo, ngozi yote, mikunjo, eneo la haja kubwa kwa macho bila kuingiza kidole, na kila tundu la sindano la siku za karibuni.

Kuanzia mtoto anapofika mlangoni, lengo ni dozi ya kwanza kuingia mshipani ndani ya dakika 60. Kinachokula dakika hizo ni mambo madogo yanayojulikana: mtoto hajapimwa uzito, dawa imefungiwa kwenye stoo ya famasia na mwenye ufunguo hayupo, mzazi ametumwa kununua kanula, daktari anasubiri picha kamili ya damu. Kila kimoja kina tiba yake. Weka wodini sanduku la dharura lenye dozi mbili za kila dawa ya mwanzo, kanula za ukubwa wa watoto, maji ya kuchanganyia na chupa za kuotesha. Bandika ukutani jedwali la dozi kwa uzito, kilo 5 hadi 50, lililohakikiwa na mfamasia, ili saa nane usiku mtu asilazimike kupiga hesabu akiwa amechoka. Ruhusu muuguzi aanze dozi ya kwanza kwa mwongozo uliosainiwa. Na mpime mtoto uzito siku hiyohiyo. Watoto hawa hupungua, na uzito wa mwezi uliopita si wake tena.

Sasa chupa ya damu. Damu ya kuotesha huchukuliwa kabla ya antibiotiki, lakini haiwi sababu ya kuchelewesha antibiotiki. Kama mshipa umekataa kwa dakika kadhaa, toa dawa kwa njia yoyote iliyopatikana kisha endelea kutafuta damu. Safisha ngozi kwa klorheksidini iliyo ndani ya alkoholi ya asilimia 70, sugua nusu dakika, acha ikauke yenyewe, usipapase tena kwa kidole. Futa mpira wa kifuniko cha chupa kwa alkoholi nao uache ukauke, kwa sababu kifuniko hicho kina vumbi hata kama kilikuwa chini ya kofia ya plastiki. Jaza chupa ya kuotesha kwanza, ndipo ujaze mirija mingine.

Kiasi cha damu ndicho kinachoharibu kipimo hiki kuliko kitu kingine. Bakteria kwenye damu ya mtoto wanaweza kuwa chini ya mmoja kwa kila mililita. Ukiweka matone kumi kwenye chupa, jibu la "hakuna ukuaji" halina maana yoyote, ila litasomwa kana kwamba lina maana. Chupa ya watoto kwa kawaida inataka mililita 1 hadi 3. Mtoto mkubwa achukuliwe zaidi, kwa chupa mbili. Damu ikizidi nayo ni tatizo, kwani mchuzi wa kuoteshea unahitaji kuwa mara tano hadi kumi ya damu ili kuzimua dawa na kinga zilizomo. Kama mtoto ana mrija wa mshipa mkuu, chukua damu kwa kila njia ya mrija, na ikiwezekana nyingine kutoka mkononi. Mashine ikionyesha damu ya mrija imeota saa mbili au zaidi kabla ya ile ya mkono, mrija ndio chanzo.

Kisha chupa iende maabara mara moja, kwa joto la kawaida. Usiiweke kwenye friji. Hili hutokea mno usiku, kwa sababu sampuli nyingine huhifadhiwa kwenye friji na mtu anadhani anaitunza. Baridi huua au kudumaza baadhi ya bakteria hasa unaowatafuta. Andika saa ya kuchukua damu na dawa alizokwishapata mtoto, zikiwemo zile alizonunuliwa duka la dawa.

Pima malaria pia, bila shaka. Lakini kipimo cha haraka kinachotafuta protini ya HRP2 hubaki chanya kwa wiki kadhaa baada ya malaria kupona, na hata malaria ya kweli haizuii bakteria kuwepo. Mtoto asiye na neutrofili akikutwa na vimelea hutibiwa malaria na kupewa antibiotiki, vyote viwili. Utafiti wa Muhimbili wa mwaka 2001 na 2002, uliohusu watoto wa magonjwa yote, si saratani pekee, ulikuta vifo vya asilimia 43.5 kwa wenye bakteria wa Gram-hasi kwenye damu, dhidi ya asilimia 20.2 kwa wenye malaria. Na usugu wa bakteria kwa dawa alizopewa mtoto ulikuwa mojawapo ya mambo yaliyotabiri kifo.

Hao wa Gram-hasi, wanaoonekana wekundu kwenye hadubini baada ya kupakwa rangi, ndio wanaoamua antibiotiki ya kwanza, kwa kuwa wanaweza kumwangusha mtoto kwa saa chache. E. coli na Klebsiella hutoka utumboni. Pseudomonas aeruginosa hupenda sinki na vifaa vyenye maji. Kwetu Afrika Mashariki ongeza Salmonella zisizo za taifodi. Wa Gram-chanya nao wapo: Staphylococcus aureus kupitia kanula na ngozi, na streptokoki wa mdomoni, ambao baada ya dozi kubwa ya sitarabini, dawa ya saratani, wanaweza kuleta mshtuko na mapafu kushindwa kazi.

Mwongozo wa kimataifa wa watoto unasema mtoto aliye kwenye hatari kubwa aanze na dawa moja ya kundi la beta-laktamu, yaani jamaa ya penisilini, inayoua Pseudomonas, na dawa ya pili iongezwe kama hali yake si imara, kama anashukiwa kuwa na bakteria sugu, au kama kituo kina usugu mwingi. Kitabu cha antibiotiki cha Shirika la Afya Duniani cha mwaka 2022 kinataja piperasilini-tazobaktamu kama chaguo la kwanza kwa hatari kubwa, meropenemu kama la pili, na amikasini ya kuongezea pale usugu unaposhukiwa. Dozi zinazotumika sana ni hizi: piperasilini-tazobaktamu miligramu 90 kwa kilo kila saa 6, isizidi gramu 4.5, seftazidimu au sefepimu miligramu 50 kwa kilo kila saa 8, isizidi gramu 2, meropenemu miligramu 20 kwa kilo kila saa 8, isizidi gramu 1, na mara mbili ya hapo kama ana homa ya uti wa mgongo, amikasini miligramu 15 hadi 20 kwa kilo mara moja kwa siku. Kwa mtoto wa kilo 16, meropenemu ni miligramu 320. Kichupa cha gramu 1 kikichanganywa na maji mililita 20, hiyo ni mililita 6.4.

Seftriaksoni, tuliyoizoea kuliko zote, haiui Pseudomonas. Seftazidimu inaiua lakini ni dhaifu kwa streptokoki na staphylokoki. Zote mbili, pamoja na sefepimu, huvunjwa na vimeng'enya vinavyoandikwa ESBL kwenye majibu, na vimeng'enya hivyo vimeenea katika hospitali kubwa za ukanda wetu. Kwenye Uganda Cancer Institute jijini Kampala, uchunguzi wa wagonjwa wa saratani za damu wenye homa na neutrofili chache uliikuta E. coli ikiongoza, Klebsiella ikiwa miongoni mwa waliofuata, wengi wao wakiwa sugu kwa dawa nyingi. Mwanza, utafiti uliochapishwa 2014 ulikuta vinasaba vya kuvunja hata karbapenemu, kundi la meropenemu.

Ndiyo maana sikubaliani na wodi inayompa kila mtoto mwenye homa meropenemu kuanzia dakika ya kwanza. Kwa mtoto mmoja inaweza kuonekana salama zaidi. Kwa wodi, kila wiki ya meropenemu isiyohitajika inawaacha hai kwenye matumbo ya watoto bakteria wasioguswa nayo, na baada ya hapo inabaki kolistini na dawa ghali ambazo famasia nyingi hazina. Mtoto aliyefika akiwa na mshtuko, au aliyewahi kuotesha bakteria wa ESBL, huyo aanze na meropenemu pamoja na amikasini bila kusitasita. Aliye imara aanze na beta-laktamu ya kawaida ya kituo, na amikasini ikiongezwa kama takwimu za kituo zinaitaka.

Takwimu za kituo ndizo hizo zinazotoka kwenye zile chupa. Kusanya majibu ya mwaka, hesabu bakteria wa kwanza tu wa kila mgonjwa, na usitoe asilimia kwa aina ya bakteria yenye sampuli chini ya 30. Wodi ndogo iunganishe miaka miwili. Kisha uliza swali la mchanganyiko: kati ya bakteria wote wa Gram-hasi, wangapi wangekufa kwa piperasilini-tazobaktamu peke yake? Wangapi kwa hiyo au amikasini? Mara nyingi amikasini huziba pengo kubwa, kwa sababu vimeng'enya vingi vinavyoiharibu jentamisini haviiwezi. Tahadhari moja: Salmonella ikionekana kufa kwa amikasini maabara, usiitegemee. Inajificha ndani ya chembe ambako dawa hiyo haifiki vizuri.

Amikasini ina gharama yake kwenye figo na masikio. Mtoto aliyepata sisplatini, dawa ya saratani, tayari ana masikio yaliyoguswa, na mtoto wa limfoma ya Burkitt katika siku za uvimbe kuyeyuka ana figo zilizoelemewa. Angalia kreatinini, kipimo cha figo, punguza siku, acha mara majibu yanaporuhusu. Usiichanganye na piperasilini kwenye bomba moja, kwani piperasilini huiharibu amikasini. Piperasilini nayo huchelewesha metotreksati, dawa nyingine ya saratani, kutoka mwilini, hivyo baada ya metotreksati ya dozi kubwa chagua kitu kingine. Meropenemu hushusha kwa kasi valproeti, dawa ya kifafa, kwenye damu, na mtoto mwenye kifafa anaweza kudegedeka. Vankomisini isiongezwe eti kwa sababu homa haijashuka. Iwe kwa ngozi iliyoambukizwa, mrija uliovimba, mshtuko, au majibu ya Gram-chanya, na iingie kwa dakika 60 au zaidi.

Hospitali ya wilaya isiyo na dawa hizi isimpandishe mtoto kwenye gari bila dozi. Seftriaksoni miligramu 80 kwa kilo na jentamisini miligramu 7.5 kwa kilo, kwa mshipa, ni mwanzo unaostahili, na barua ya rufaa iandike saa na kiasi. Sindano ya msuli iepukwe ikiwa chembe sahani, zinazogandisha damu, ni chache. Kama kuna mshtuko, maji yatolewe kwa uangalifu: jaribio la FEAST lililochapishwa 2011, lililohusisha zaidi ya watoto 3,000 wa Kenya, Uganda na Tanzania, lilikuta vifo vya saa 48 vikiwa takriban asilimia 10.5 kwa waliopewa maji ya haraka mshipani na 7.3 kwa wasiopewa. Watoto wale hawakuwa wa saratani, ila wodi zao ni kama zetu, bila mashine za kupumulia. Presha ikiwa imeshuka, mililita 10 kwa kilo, kisha pima tena mapigo, ini na pumzi, na angalia hemoglobini. Mara nyingi anachohitaji ni damu.

Uamuzi wa pili uko kwenye saa 48, na huu ndio tunaoukwepa. Bakteria wengi wa kweli huwa wameshaota kufikia muda huo. Kama chupa iliyojazwa vizuri haijaota, mtoto hana homa kwa saa 24 na uboho unaanza kurudi, acha antibiotiki. Kwa aliye kwenye hatari ndogo na mwenye namna ya kurudi haraka hospitali, unaweza kuacha hata kabla uboho haujarudi. Kama homa inaendelea lakini mtoto anacheza na anakula, usibadilishe dawa kwa hofu. Rudia damu na ukaguzi. Ikifika saa 96 kwa mtoto wa hatari kubwa, tafuta fangasi na anza dawa yake.

Chupa ikiota, badilisha kulingana na jibu. E. coli au Klebsiella yenye ESBL inataka meropenemu, hata kama karatasi inaonyesha piperasilini-tazobaktamu inafanya kazi: jaribio la MERINO la 2018, kwa watu wazima, lilikuta vifo vya asilimia 12.3 kwa piperasilini-tazobaktamu na 3.7 kwa meropenemu. Bakteria akiwa mpole, shuka kwenye dawa nyembamba, inayomlenga yeye tu, siku hiyohiyo. Staphylococcus aureus inahitaji siku 14 kwa uchache, na mrija utolewe. Vivyo hivyo kwa Pseudomonas na kwa fangasi aitwaye Candida. Staphylokoki wa ngozi aliyeota kwenye chupa moja tu huenda ni uchafu wa sindano, hivyo rudia kabla ya kutibu.

Wauguzi wanaweza kuzuia nyingi kati ya homa hizi. Usitumie chupa moja ya salaini au glukosi kwa watoto wawili, hata kama imebaki nusu. Klebsiella huota humo kwa raha. Sugua mdomo wa kanula kwa alkoholi sekunde 15 kila unapoufungua, na kanula isiyo na kazi itolewe leo.

Mtoto anapotoka, jina la bakteria, dawa zilizomuua, zilizoshindwa na tarehe viandikwe ukurasa wa mbele wa jalada na kwenye daftari la mzazi. Mzazi aondoke na kipimajoto, namba ya simu ya wodi inayopokelewa usiku, na maelekezo haya: pima kabla ya parasetamoli, 38.0 piga simu, 38.3 anza safari, na ukifika mapokezi sema kwanza kwamba mtoto yuko kwenye tibakemikali.